Ukienda Andalusia, anza na tiketi ya Alhambra

Jamani kama kuna mtu anapanga kwenda Andalusia, kule kusini mwa Hispania, usilipie ndege kabla hujaangalia tiketi za Alhambra, ile ngome ya kale ya masultani Waislamu pale mji wa Granada, maana zinaisha mapema mno na ile tiketi inakuwa na jina lako na saa kamili ya kuingia kwenye majumba ya masultani, ukichelewa ndo basi tena hata ulie. Pasipoti beba yenyewe, siyo picha kwenye simu.

Ukiingia usikimbilie selfi. Sogea karibu na ukuta, kwenye plasta iliyochongwa, utaona maandishi ya Kiarabu yanajirudia rudia, "wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mungu, masultani waliyaweka kila kona na bado mwaka 1492 mji wakaukabidhi kwa malkia Isabel na mfalme Fernando, watawala Wakristo wa Hispania.

Jioni panda Albaicín, mtaa wa zamani mkabala na Alhambra, vichochoro vyembamba balaa (kama umezoea Mji Mkongwe Unguja hutopotea sana), kaa pale kwenye kiwanja cha San Nicolás uangalie kuta za ngome zinavyogeuka nyekundu jua likizama. Njaa je? Granada baa nyingi ukiagiza kinywaji, hata soda, wanakuletea na kitafunwa cha bure, ila kama huli nguruwe sema mapema "sin cerdo".

Julai na Agosti mi naona achaneni nayo, miji ya Sevilla na Córdoba joto linapita nyuzi 40 na mchana maduka mengi yanafungwa. Na kwenye chai omba "azúcar", limetoka kwenye Kiarabu kama sukari yetu.