Kabla hujatoa meza ya mayai barabarani

Mtu akitaka kuuza mayai kando ya barabara, kitu cha kwanza anachotafuta ni mbao na bati. Mimi humwambia aanze bandani, ahesabu kuku. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi, kumi na tano, kisha anaatamia na kulea. Kwa mwaka mzima anakupa kama 40 hadi 60. Kuku kumi wa namna hiyo ni mayai kumi hivi kwa wiki, na hapo hujatoa ya kuatamisha wala la kumkaangia mtoto kabla ya shule. Trei ni mayai 30. Kwa hiyo trei yako itajaa baada ya wiki tatu, na yai la kwanza uliloliweka litakuwa limekaa wiki tatu kwenye joto la Tanga. Mteja wa gari analichukua akidhani limetagwa jana.

Ndiyo maana nasema kitu kikubwa kuliko vyote katika kazi hii ni kuijua siku ya kila yai. Chukua penseli, andika tarehe kwenye ganda siku ileile unayoliokota. Wino usitumie, ganda lina vitundu na hupitisha. Ukishirikiana na majirani ili mjaze trei haraka, na wao waandike, na asiyeandika usimchukulie hata kama ni wifi yako. Kwa joto letu mimi siuzi yai lililozidi siku saba. Hayo yaliyozidi si mabovu, yanaingia jikoni kwangu au yanachemshwa. Tena kwa kuchemsha ndiyo mazuri, maana yai bichi la jana likichemshwa ganda hung'ang'ania na kutoka na nyama yake, la wiki humenyeka safi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naweka trei kwenye stoo ya bati, mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na mchana unachoma. Mama mmoja wa makamo alinunua trei nzima akielekea Tanga mjini. Wiki iliyofuata alisimamisha gari palepale, akashuka. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, kisha akanisogelea asisikiwe na wengine: "Mwanangu, mayai yako yana damu. Nimepasua matatu nikayamwaga." Nilipofika nyumbani nikapasua moja kwenye sahani nyeupe. Juu ya kiini kulikuwa na nyuzi nyekundu zimetambaa kama mizizi, na katikati doa jeusi dogo. Yule mama alinifanyia hisani. Wateja wengi wa barabarani hawarudi kulalamika, wanapita tu wasisimame tena, nawe hujui kwa nini.

Sababu yake ni hii. Yai lenye mbegu ya jogoo huanza kukua likipita nyuzi joto 21 hivi, hata kama hakuna kuku aliyelilalia. Huku pwani nyuzi 21 ni usiku wa kipupwe. Stoo ya bati mchana wa Januari inakuwa mashine ya kutotolesha. Basi kama mayai ni ya kuuza kwa ajili ya kula, mtenge jogoo. Kuku jike hutaga bila jogoo, wapo wanaobisha lakini ndivyo ilivyo, na mayai yake hukaa muda mrefu zaidi. Ila usimtenge leo ukauza kesho ukiapa hayana mbegu. Jike anaweza kuendelea kutaga yenye mbegu kwa wiki mbili hata tatu baada ya jogoo kuondoka.

Pa kuyahifadhi patafutwe kabla ya meza. Nyumba ya makuti inashinda ya bati. Nimeona watu wanafundishwa kuweka vyakula kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi ili vipoe. Dodoma hiyo inafanya kazi, hewa yao ni kavu. Kwetu hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi, na bila maji kukauka hakuna ubaridi. Utaishia kupata ukungu. Afadhali chumba chenye kivuli na upepo, trei zikae juu ya kichanja, ncha nyembamba ya yai ikiangalia chini.

Usiyaoshe. Ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Ukiona mayai yanatoka na kinyesi, shida iko kwenye viota: badilisha nyasi, ongeza viota, futa kwa kitambaa kikavu yale machache, yaliyochafuka sana baki nayo. Yai usilolijua siku yake litumbukize majini. Likilala chini ni bichi, likisimama ni la zamani, likielea litupe. Kwa kuwa limelowa, hata lililo bichi halirudi kwenye trei.

Kuku wenyewe wawe wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa kideri, tone la jichoni kila miezi mitatu. Sitarefusha hapo, ila hili la dawa lazima niliseme. Ukiwapa kuku antibayotiki, soma kwenye pakiti ni siku ngapi usile wala kuuza mayai, na uziheshimu. Meza ikae tupu. Anayekula lile yai ni mtoto wa mwenzako.

Sasa barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sote tumeona alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, kwenye kuta za watu. Usijenge banda la kudumu humo. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji kwanza, uwaulize wapi wanaruhusu na ushuru gani unatozwa, uombe risiti. Meza ya kubebeka, unayoirudisha nyumbani jioni, inakuepusha na mengi.

Halafu nenda ukakae mahali penyewe siku moja nzima bila kuuza chochote. Beba kigoda. Saa nne kivuli cha mwembe kinaweza kuwa kizuri kabisa, saa tisa jua likakuangukia usoni na kwenye mayai. Angalia magari yanakuja kwa kasi gani na yatasimama wapi. Njia ya Segera kwenda Tanga ina malori na mabasi ya mwendo, na dereva akikuona ghafla akafunga breki, wa nyuma yake anamgonga. Nataka sehemu yenye nafasi pana pembeni, inayoonekana kutoka mbali, si kwenye kona wala kwenye mteremko. Na watoto wasitumwe kukimbilia madirisha ya magari. Muheza tumezoea kuona hivyo wakati wa machungwa, mimi bado moyo unanidunda kila nikiona.

Mayai peke yake hayalipi siku nzima, kwa hiyo utapenda kuongeza vya nyumbani. Ongeza kimoja kimoja. Mafuta ya nazi ndiyo rafiki wa mayai kwa sababu hayaharibiki upesi, mradi uyapike mpaka yaache kutoa povu na kuchachatika. Sauti hiyo ni ya maji, na maji yakibaki ndani mafuta yatanuka. Chupa iwe kavu kabisa. Mwezi wa saba asubuhi yanaweza kuganda kidogo na kuwa meupe, mweleze mteja mapema kwamba mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, asidhani umechanganya. Asali nayo ikiganda si kwamba umetia sukari. Achari ya maembe au ndimu nzuri, kijiko kiwe kikavu daima. Kashata za nazi ni za siku mbili tatu. Maziwa na mtindi mimi sishauri kuweka mezani bila friji.

Chupa za maji zilizotumika na za pombe uziache. Harufu haitoki, na chupa ya plastiki haivumilii maji ya moto ya kuisafishia. Ukifika mahali pa kubandika lebo na kupeleka dukani, hapo TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inahusika, ndiyo inayosajili vyakula tangu 2019. Anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze.

Cha kubebea pia kifikirie, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Sisi tuna pakacha. Moja dogo la makuti lililotandikwa nyasi kavu linabeba mayai kumi mpaka Dar es Salaam bila ufa, na mwenye gari analipenda. Mlipe bibi anayejua kusuka, agiza ishirini kabla ya siku ya kwanza.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tafuta chenji, noti za elfu na sarafu, maana mwenye noti ya elfu kumi hasubiri ukimbie dukani. Bandika lipa namba, ile ya kulipwa kwa simu, kwenye kibao mbele ya meza kwa maandishi makubwa. Andika na bei, wengi hawashuki kwa kuogopa kuuliza. Kisha beba trei mbili tu, hata kama nyumbani unazo tano.