Kupanga upasuaji wa matege kwa mfano wa mfupa kwenye kompyuta

Matege ya mtu mzima mara nyingi hunyooshwa kwa kukata muundi upande wa ndani na kuufungua kama kabari. Kompyuta inakuonyesha ukate wapi na ufungue kiasi gani, ila picha mbovu haitengenezeki.

Piga CT (eksirei za vipande vipande zinazounganishwa na kompyuta) ya miguu yote miwili, nyonga hadi kifundo, vipande vya milimita 1 au vyembamba zaidi. Funga miguu isisogee: mgonjwa akijigeuza katikati, mfupa utaonekana umepinda mahali usipopinda. Ongeza eksirei ya miguu mizima akiwa amesimama, maana kwenye CT amelala, na upindo unaotokana na kano zilizolegea hujificha.

Fungua picha kwenye programu ya 3D Slicer (ni bure). Kuchuja mfupa, anza na HU (kipimo cha msongamano kwenye CT) 220 hivi. Ukipandisha mno, ncha zinatoboka. Ukishusha mno, muundi unagandana na fupaja. Pale gotini utatenganisha kwa mkono, kazi ya kuchosha. Usilainishe uso kupita kiasi.

Sasa pima. Pembe ya upande wa ndani kati ya uso wa juu wa muundi na mhimili wake kwa kawaida ni nyuzi 85 hadi 90. Ikiwa iko humo, kagua fupaja kwanza. Ukikata muundi usio na kosa, mguu utanyooka lakini goti litabaki na mstari ulioinama.

Kimo cha kabari ni urefu wa mkato hadi kwenye bawaba (mfupa wa nje usiokatwa), mara tan ya pembe ya kurekebisha. Milimita 70 kwa nyuzi 10 ni milimita 12.3. Ile kanuni ya milimita moja kwa kila nyuzi inafaa mkato wa milimita 57 tu. Bawaba iwe milimita 10 hivi. Ukiikata, mfupa unakosa uthabiti. Pengo la mbele liwe karibu nusu ya la nyuma, la sivyo uso wa muundi utainama zaidi kuelekea nyuma.

Kiolezo cha kukatia (kifaa kinachoongoza msumeno) kikae juu ya mfupa mtupu, kwa kuwa mfano wako hauna utando wa mfupa. Usikichapishe kwa plastiki ya PLA: hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na mvuke wa kuulia vijidudu hufika 134. Tumia nailoni ya PA12 yenye kibali cha matumizi ya matibabu. PLA ichapishe mfano wa mfupa wa kujaribia. Pitisha kiolezo kwenye mvuke, kikalishe juu ya mfano huo. Kikicheza, rudi kwenye ulainishaji.