Muulize Muuguzi wa Usiku: Namna ya Kumpima Daktari Tarajali

Nasimamia madaktari tarajali, yaani waliomaliza chuo na bado wanajifunza kazini, wodi ya watoto, hospitali ya mkoa. Kwa muda mrefu niliwapima kwa nilichokiona kwenye raundi ya asubuhi tu. Raundi huchukua saa moja na nusu, kijana anajua bosi yupo, faili limepangwa, vipimo amevikariri. Muda mwingine wote yuko na watu wengine.

Kuna mmoja nilimpa alama za juu kabisa. Baadaye muuguzi wa zamu akanieleza, kwa shida, kwamba kanula (mrija mdogo wa dripu mshipani) ya mtoto anayeharisha ilichomoka saa 8 usiku, wakajaribu kuweka nyingine wakashindwa, na hawakumpigia tarajali huyo simu hadi alfajiri. "Dokta, tukimwamsha anatufokea." Mtoto alipona, lakini alama zile zinanisuta hadi leo.

Sasa nafanya hivi. Tarajali akikaa kwako wiki 12, kusanya maoni wiki ya 6, abaki na muda wa kujirekebisha. Tafuta watu wasiopungua 10. Uingereza, ambako madaktari wa miaka miwili ya kwanza hupimwa hivi, wanataka fomu 10 zirudi, na nimeona maana yake: wakiwa watatu tu, atajua nani kasema nini. Changanya mabingwa wawili, tarajali mwenzake, wauguzi wanne (wa usiku wasikosekane), mtu wa maabara, mfamasia na mhudumu wa wodi. Nusu achague yeye, nusu wewe. Mhudumu usimruke, ndiye anayekuta sindano iliyotumika imeachwa kwenye shuka.

Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Usiulize kama ni daktari mzuri. Uliza: ukimwita usiku anakuja? Asipoweza, anakwambia ufanye nini wakati unamsubiri? Zamu ikibadilika anakabidhi wagonjwa vipi? Akikosea anakubali? Majibu ni matatu: sina wasiwasi, nina wasiwasi kidogo, nina wasiwasi mkubwa. Mwenye wasiwasi aandike tukio aliloliona kwa macho yake, la sivyo utakusanya majungu. Lakini tukio hilo usimsomee tarajali neno kwa neno; lieleze kwa maneno yako, umlinde aliyeandika. Na likihusu ulevi kazini au kumdhalilisha mgonjwa, lisingoje kikao, lipeleke kwa uongozi siku hiyohiyo.

Akina mama wa watoto wana njia yao. Mama ambaye mtoto wake bado yuko kitandani atamsifia kila mtu, akihofia mwanawe asisahaulike. Subiri apewe ruhusa, kisha aulizwe na mtu asiyevaa koti jeupe, na swali lisiwe la kuridhika. "Mama, hizi zinki utampa hadi lini?" Akijibu, "Daktari kasema siku 10, hata kuhara kukikata," basi kijana alikaa akamweleza. Akijibu, "Mpaka aache kuharisha," dawa aliandikiwa ila maelezo hayakumfikia. Mama watano wa namna hii wananifundisha mengi kuliko fomu ya bingwa mwenzangu.

Mwisho kaeni wawili, mlango umefungwa, simu zimezimwa. Awe amejaza fomu ileile kuhusu nafsi yake, muanzie hapo. Fomu moja mbaya kati ya 10 isikutishe, huenda ni ugomvi wa siku moja. Tazama pale alipojiandikia "sina wasiwasi" na wauguzi watatu wakaandika vingine. Chagueni jambo moja tu la kubadilisha.

Mwaka jana nilikaa hivyo na binti mmoja hodari, ila mkali kwenye simu. Alisoma, akainamisha kichwa kwa muda. Nikamuuliza, "Mwanangu, ukiamshwa saa 8, neno lako la kwanza liwe lipi?" Akafikiri. "Nakuja, Sista."

Tukaliandika. Wiki ya 10 nikawapelekea wauguzi walewale fomu mpya.