Kulifungua fundo la moyo: zoezi la metta kwa mtu mliyekosana naye

Katika ploti nyingi za Mombasa, Majengo hadi Kisauni, utakuta watu wawili wanapishana kwenye ngazi bila salamu. Chanzo huwa kidogo: maji ya tangi yaliyokwisha, kelele za usiku, deni la elfu mbili. Wazee wakisuluhisha watu hupeana mikono, lakini fundo hubaki moyoni. Mwongozo huu ni wa fundo hilo.

Zoezi lenyewe huitwa metta, kumtakia kila kiumbe heri, na asili yake ni mafundisho ya Buddha kaskazini mwa India, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mpangilio ninaoufuata ni wa Buddhaghosa, mtawa aliyetoka India katika karne ya 5 akaenda Anuradhapura, Sri Lanka, na huko akaandika Visuddhimagga, kitabu kikubwa cha mafunzo. Ipo mipangilio ya kisasa iliyo mepesi zaidi. Narudi kwa huyu kwa sababu anajua hasira ilivyo sugu, na ukikwama hakuachi.

Wengi wetu hapa ni Waislamu na Wakristo. Zoezi halikuombi uache swala yako wala kanisa lako.

Shika kwanza wazo moja, maana mengine yote yamesimama juu yake. Buddha alifundisha kwamba kila kitu hutokea kwa sababu zake, na sababu zikiondoka nacho huondoka. Hasira ni hivyo hivyo. Sauti inafika sikioni, papo hapo inazuka hisia: ya kupendeza, ya kuchoma, au isiyo huku wala huko. Juu ya ile ya kuchoma akili inajenga maneno: ananidharau, kila siku ni hivi, leo atanitambua. Sauti huna uwezo nayo. Maneno unayaweza, ukiyawahi.

Hatua ya 1: Tulia

Chagua wakati nyumba imetulia. Mimi napenda baada ya alfajiri, kabla matatu hazijaanza honi. Kaa kitini au mkekani, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Pumzi ikiingia, jua inaingia. Ikitoka, jua inatoka. Usiivute wala kuizuia. Akili itatoroka, irudishe bila kujikaripia. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 2: Anza na nafsi yako

Sema moyoni, polepole: Nisiwe na uadui. Nisiwe na dhiki. Nisiwe na mahangaiko. Niishi kwa raha. Rudia mpaka maneno yaache kuwa sauti tupu.

Hapa ndipo wengi husita, hasa akina mama waliozoea kupakua chakula chao mwisho. Wanaona ni ubinafsi. Buddhaghosa ana jibu zuri: unajifanya wewe mwenyewe shahidi. Ukishajua kwa yakini kwamba unataka raha na unaogopa maumivu, umejua jambo la kweli kuhusu kila mtu utakayemleta mbele yako baadaye. Usiiruke hatua hii.

Hatua ya 3: Mtu unayemheshimu

Mlete akilini mtu aliyekutendea wema: mwalimu wako wa zamani, shangazi, mzee wa mtaa. Mtakie maneno yale yale: Asiwe na uadui, asiwe na dhiki, na kuendelea.

Kuna makatazo mawili. Usianze na unayempenda kimapenzi, kwa kuwa tamaa hujivika sura ya metta na hutazitofautisha. Pia usimchague marehemu. Buddhaghosa anasimulia habari za mtawa kijana aliyemtakia heri mwalimu wake na moyo usikubali kabisa kutulia. Akaulizia, akaambiwa mwalimu ameshafariki. Marehemu tuwaombee kwa njia za dini zetu. Zoezi hili ni la walio hai.

Hatua ya 4: Mtu usiyemjua

Kivuko cha Likoni ni mahali bora pa hatua hii. Mkiwa mmesimama mnangoja geti lifunguliwe, mchague mtu mmoja, kijana wa mkokoteni au mama mwenye beseni, umtakie heri kimyakimya mpaka feri ifike ng'ambo. Usimkodolee macho.

Hatua ya 5: Mliyekosana naye

Sasa ndiyo kazi. Anza na ugomvi mdogo. Aliyekuumiza vibaya mwache kwa miezi ijayo. Na kama kuna mtu anakupiga au anakutishia maisha, ondoka kwanza, tafuta usalama, piga ripoti. Kumtakia mtu heri hakukulazimishi kukaa chini ya mkono wake.

Mlete akilini, mtakie maneno yale. Kifua kikibana, rudi hatua ya 3, upate joto kidogo, kisha mjaribu tena. Ukishindwa, Buddhaghosa ana dawa kadhaa. Nakupa tatu ninazozitumia.

Ya kwanza: tafuta jambo moja zuri kwake, hata dogo. Labda ana ulimi mchafu lakini huwatunza wazazi wake. Kaa na hilo moja tu.

Ya pili: jiulize nani anapata hasara. Adui yako angependa ukose usingizi, uso ukunjamane, marafiki wakukimbie. Hasira inakufanyia yote hayo bila yeye kunyanyua kidole.

Ya tatu mwanzoni huonekana ya ajabu: mgawe vipande. Umemkasirikia nini hasa? Nywele zake? Kucha? Mifupa? Maji yaliyomo mwilini mwake? Pita sehemu baada ya sehemu, bila haraka. Hutaipata sehemu ya kuibandikia uadui. Kwangu hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana inarudi kwenye lile wazo la mwanzo: yule "adui" mzima mzima ulimjenga kwa maneno yako.

Hatua ya 6: Jipime

Mtihani pia ni wa Buddhaghosa. Fikiria mmekaa wanne: wewe, unayempenda, usiyemjua, na mliyekosana naye. Majambazi wanakuja, wanadai wapewe mmoja wamuue. Ukisema wamchukue yule adui, bado. Ukisema wakuchukue wewe uwaokoe wenzio, bado pia! Metta imekomaa pale unapowatazama wote wanne, na wewe ukiwemo, usione hata mmoja wa kutoa. Usikate tamaa ukifeli. Mtihani unakuonyesha hatua ya kurudia.

Hatua ya 7: Toa kitu

Mfalme Ashoka wa India, karne ya 3 kabla ya Kristo, aliteka nchi ya Kalinga, mashariki mwa India, kisha akachonga majuto yake kwenye mwamba: watu 100,000 waliuawa, 150,000 wakahamishwa. Hakuishia kwenye majuto. Maandishi yake yanataja visima vilivyochimbwa na miti iliyopandwa kando ya njia, kwa ajili ya watu na wanyama. Amani ya moyoni isiyofika mikononi haijakamilika.

Buddhaghosa anaiweka zawadi mwisho, kwa mtu ambaye dawa nyingine zimemshinda. Mimi naipendekeza kwa kila mtu. Sahani ya mahamri na mbaazi inatosha, au mtungi wa maji siku ambayo mifereji imekauka. Peleka mwenyewe, usimtume mtoto. Toa salamu, sema "karibu, nimewaletea kidogo," basi. Usitaje ugomvi, wala usingoje sahani irudi na kitu.

Akikataa, sema "hamna neno, jirani," urudi na sahani yako. Kesho alfajiri anza tena hatua ya 5, dawa ya kwanza.