Kutembea na kutazama ndege kwenye hifadhi ya pwani yenye magenge ya miamba

Kabla hujafunga mkoba, tafuta jedwali la maji kupwa na kujaa la siku hiyo. Mimi nililipuuza mara moja tu. Nilizunguka rasi kwa njia ya chini, nikakaa kuwatazama ndege aina ya mnandi wakianika mbawa. Nilipogeuka, miamba niliyopita haionekani. Saa nne nzima nilikaa juu ya jabali na nusu chupa ya maji.

Hesabu yake si ngumu. Pwani nyingi, kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hutoka mbali na kurudi juu sana. Njia za chini zipite maji yakitoka. Yakianza kurudi, uwe umeshapanda.

Kwa ndege mambo hugeuka. Maji yakipwa kabisa, chamchanga na sululu hutawanyika mbali, utaona vidoadoa tu. Saa mbili kabla ya kujaa, bahari yenyewe inakusogezea ndege hao. Jibanze mahali pakavu, jua likiwa mgongoni, utulie. Darubini ya 8x42 (hukuza mara nane, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) yatosha. Ya kukuza mara 12 inavutia mpaka upepo uvume, mikono itetemeke na ndege mmoja aonekane watatu.

Maji yakijaa, ndege hupumzika miambani. Usiwakurupushe: wengine wana safari ya maelfu ya kilomita mbele yao, na mafuta wanayochoma kukukimbia ni ya safari hiyo. Buabua akikushambulia kichwani, umekaribia mayai. Rudi ulikotoka, ukiangalia unapokanyaga, maana mayai yenyewe yanafanana na kokoto.

Ukingoni mwa genge usisimame hata kama nyasi zinaonekana imara; huenda chini pameliwa na mawimbi, pakabaki uwazi. Kabla ya kushuka, itazame bahari dakika 15, kwani wimbi kubwa haliji kila mara. Mwamba mweusi uliolowa, wimbi huufikia, tena unateleza kama sabuni.

Vaa viatu vyenye meno na kofia yenye kamba (yangu ya kwanza imebaki baharini). Mwambie mtu njia utakayopita na saa ya kurudi, kwa sababu nyuma ya magenge simu mara nyingi haishiki mtandao.