Propela ya 110 inapogonga baada ya kuinua gari

Land Rover yangu 110 ya injini ya 300Tdi hupanda Monduli Juu kila Jumatano kuchukua maharage na kuyashusha Arusha. Niliiinua inchi 2 kwa springi mpya na shokapu ndefu, na kwenye lami ikatulia vizuri. Lakini kila gurudumu la mbele liliponing'inia korongoni, nilisikia chini ya miguu chuma kikigonga chuma. Fundi wa kwanza akabadilisha krosi, yaani kiungo cha umbo la msalaba, ya propela ya mbele, lile bomba linalozunguka kupeleka nguvu kwenye ekseli. Miezi miwili baadaye krosi hiyo nayo ikafa, akaniwekea nyingine. Nilikuwa nanunua krosi wakati ugonjwa uko kwenye shokapu.

Ukiinua gari, transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, inapanda na chesisi lakini ekseli inabaki chini, kwa hiyo propela inalala kwa mteremko mkali zaidi. Shokapu ndefu huongeza jambo la pili: ekseli sasa inaning'inia chini kuliko zamani. Hapo masikio yanayoshika krosi yanagusana, au bomba la propela linagonga boriti iliyo chini ya giaboksi, au ekzosi. Na 110 huendesha magurudumu yote manne muda wote, hivyo propela ya mbele haipumziki hata ukiwa barabara ya Moshi.

Kwanza pata ushahidi. Paka chokaa ya maji kwenye propela, masikio yake, boriti na ekzosi, kisha pita kwenye mtaro mmoja taratibu. Pale chokaa ilipokwanguliwa ndipo panapogonga. Kama unachosikia ni mtetemo wa lami tu, fungua propela ya mbele, funga difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya ekseli mbili) kwa mkono wa transfa, uendeshe kidogo kwa ya nyuma. Mtetemo ukiisha, umempata mkosaji.

Sasa pima, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa sababu hupima gari likiwa limesimama kwa matairi. Pima ekseli ikiwa inaning'inia. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, tena yote mawili. Handibreki ya 110 haishiki magurudumu. Inashika propela ya nyuma pale kwenye transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma au ukifungua propela hiyo, huna breki ya kuegeshea, na gari litakulalia. Inua chesisi ya mbele kwa jeki, iweke juu ya stendi za chuma, shusha ekseli mpaka shokapu ziishie. Angalia pia mipira ya breki: ikiwa imekaza kama kamba ya ng'ombe, badilisha kwa mirefu kabla ya jambo lingine lolote.

Gia ikiwa huru na difu ya kati imefunguliwa, zungusha propela kwa mkono. Ikikwama, weka jeki chini ya ekseli uipandishe kidogo kidogo, ukizungusha kila mara, mpaka izunguke bila kugusa popote na ibaki nafasi ya milimita 15 hivi. Simama hapo. Pima umbali kati ya kishikio cha juu na cha chini cha shokapu. Hicho ndicho kipimo cha kupeleka dukani: shokapu ikivutwa yote isizidi hapo, na ikibanwa yote isiishie kabla ya ekseli kufika kwenye raba ya stopa, ile inayoizuia isigonge chesisi. Zangu nilizirudisha nikachukua fupi kidogo. Springi zilibaki zilezile.

Usimruhusu mtu akate ile boriti kwa grainda kama hatua ya kwanza. Ndiyo inayoshikanisha pande mbili za chesisi.

Ikiwa inagusa hata gari likiwa limesimama kwa matairi, shokapu fupi haitasaidia. Hapo tafuta propela ya pembe pana, au yenye krosi mbili upande wa transfa. Utaihitaji zaidi ukifunga mikono ya ekseli ya kurekebisha usukani, kwa sababu inanyoosha usukani lakini inageuza pua ya difu ya mbele, pale propela inapofungwa, kuelekea chini, na pembe ya propela inazidi kuwa mbaya.

Kabla ya kufungua propela, piga mstari wa rangi kwenye flanji, yaani sahani za bolti zinazoishika, na kwenye sehemu inayoteleza, uirudishe ilivyokuwa. Kila upande una bolti nne, spana ni 9/16. Weka nati mpya za kujifunga, kaza Nm 47, piga grisi kwenye nipeli zote.

Kisha paka chokaa upya. Yangu nilishuka nayo Monduli mara mbili na magunia, nikapita korongo lilelile, na nilipolala chini ya gari boriti ilikuwa bado nyeupe.