Kabla ya kuyapeleka maji ya kisima kwenye spektrometa ya masi

Ukiwa Lamu na unashuku kisima chako kina risasi au aseniki, yaani madini yenye sumu, maji yatapanda mashua hadi Mokowe, kisha basi la kwenda Mombasa au Nairobi, kwenye maabara yenye spektrometa ya masi: mashine inayotambua atomu na molekuli kwa masi, yaani uzito wake. Kwa hiyo maandalizi yaanze kabla ndoo haijateremshwa. Na kama hofu yako ni kuhara kwa watoto, kwa kuwa choo cha shimo kiko karibu, usipoteze pesa huku: mashine hii haihesabu vijidudu. Hicho ni kipimo kingine, tena rahisi zaidi.

Fahamu kwanza kinachopimwa. Spektrometa ya masi haina habari na kitu kisicho na chaji. Huzigeuza atomu au molekuli kuwa ioni, yaani huzipa chaji ya umeme, huzirusha ndani ya ombwe ili zisigongane na hewa, kisha huzitenga kwa umeme au sumaku kulingana na uwiano wa masi na chaji. Ni uwiano, si masi peke yake: ioni ya masi 40 yenye chaji mbili huonekana mahali pamoja na ya masi 20 yenye chaji moja. Kwa njia ya namna hii mwanafizikia Mwingereza J. J. Thomson alibaini, mwanzoni mwa miaka ya 1910, kwamba gesi ya neoni ina atomu za masi 20 na nyingine za 22. Msaidizi wake Francis Aston aliiboresha mashine hiyo, akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1922.

Amua unatafuta nini kabla ya kutafuta chupa. Madini hupimwa kwa plazma ya agoni, yaani gesi ya agoni iliyopashwa hadi ikajaa chaji, yenye joto la maelfu ya nyuzi, ambayo huvunja kila kitu hadi atomu. Dawa za kuulia wadudu zikipita humo zitasambaratika usijue zilikuwa nini; hizo zina njia yao ya upole. Kwa madini, maabara hutoa chupa ya plastiki safi na maji hutiwa asidi ya nitriki ili madini yasigande ukutani mwa chupa. Kwa dawa za wadudu hutumika chupa ya kioo cheusi, nayo ikae kwenye barafu. Zebaki ina masharti yake, iulizie mbali. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai kwa lolote kati ya haya.

Sasa chumvi, na hapa ndipo sisi watu wa visiwani tunapaswa kuwa macho kuliko wa bara. Maji matamu ya Lamu, kama yale yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela, yameketi juu ya maji ya bahari, na kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Chumvi ina klorini. Klorini ya masi 35 ikishikana na agoni ya masi 40 ndani ya plazma, jumla ni 75, na aseniki yote ya asili ina masi 75. Mashine isiyotayarishwa itakuambia unakunywa sumu, kumbe ni chumvi tu. Mafundi wana dawa yake: hupitisha ioni kwenye chumba chenye gesi ya heliamu, au huangalia masi 77, kwa kuwa klorini pia ina atomu za masi 37, takriban moja kwa kila tatu za 35, nazo zikishikana na agoni jumla ni 77, mahali ambapo aseniki haipo. Lakini lazima wajue mapema. Andika kwenye lebo kwamba maji yana chumvi, na ukipata kipima chumvi cha mkononi, andika na namba yake.

Teka ndoo kadhaa umwage kabla ya kujaza chupa. Beba pia chupa ya pili yenye maji safi ya maabara, ifunguliwe hapo kisimani na isafiri pamoja na ya kwanza. Risasi ikionekana humo, lawama si ya kisima.

Mwisho, uliza kiwango cha chini kabisa wanachoweza kupima. Shirika la Afya Duniani limependekeza aseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita, yaani miligramu 0.01. Maabara inayoanza kuona kwenye 50 itakuandikia “haikuonekana”, nawe utakuwa umelipia nauli bure.